"Hazina haijashusha": bajeti ilishapita, hela ya mzabuni inakwama wapi?

Mgebuka_Mwanga (Kigoma)

Wakuu habari za jioni, naomba wenye uelewa wa mambo ya Hazina mnisaidie maana nimeuliza mpaka nimechoka. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mwezi wa pili mwaka huu nilipata oda ya kupeleka chakula shule moja ya bweni ya serikali, jina sitaji kwasababu waliopo pale ni watu wazuri na sidhani kama ni kosa lao. Maharage gunia 40 za kilo mia mia kwa 2,500 kilo, na mawese madumu 20 kwa elfu 70. Jumla 11,400,000. Yale maharage nilienda kuyakusanya mwenyewe huko Buhigwe, mvua ilikuwa inapiga sana nikalala kwenye fuso siku mbili turubai linavuja, gunia la juu kabisa likaanza kulowa nikalifungua na kuyaanika kwenye kanga ya mama mmoja pale kijijini ili nisipeleke kitu kibovu kwa watoto wa watu.

Nimepeleka, wamepokea, wamesaini, watoto wamekula, na gunia zenyewe nimeshazikuta sokoni zinauzwa tupu. Saivi tunaingia mwezi wa kumi na moja. Kila nikienda naambiwa neno moja tu, "Hazina haijashusha." Mwezi wa sita nikaambiwa ngoja bajeti mpya. Bajeti ikasomwa Dodoma nikaisikiliza redioni mwanzo mpaka mwisho, trilioni 56.49 za mwaka wa fedha 2025/26, nikafurahi nikajua sasa. Mwezi wa saba kimya, wa nane kimya.

Sasa maswali yangu. Moja, kama Bunge limepitisha hizo trilioni, hiyo hela iko wapi? Maana mimi najua nikisema nina bajeti ya milioni mbili ni kwamba milioni mbili ninayo. Pili, kila siku nasikia serikali imelipa deni la nje, imelipa riba, sijui imekopa tena, hivi anayeamua kwamba wa nje alipwe na mimi wa Mwanga nisubiri ni nani? Sina ugomvi na mtu, nataka kuelewa tu, maana mke wangu alichukua milioni nne kwenye kikoba chao ili mimi nijazie mtaji wa yale maharage na kila mwezi tunatoa laki mbili ya riba tu, mtaji uko palepale.

Tumbaku_Urambo

Pole sana mkuu. Huku Tabora wapo wengi hali hiyohiyo, kuna jirani yangu alipeleka kuni na mkaa taasisi fulani akauza mpaka bodaboda ya mwanae kusubiria malipo. Nafuatilia huu uzi.

Mhasibu_Mstaafu_Kanyenye (Tabora)

Mgebuka pole kijana wangu. Nimefanya kazi ya uhasibu kwenye halmashauri za mkoa huu miaka 31, nimestaafu, kwa hiyo hilo neno "Hazina haijashusha" mimi mwenyewe nimelisema kwa wazabuni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na kila nikilisema lilikuwa linaniuma. Acha nieleze polepole.

Bajeti sio hela. Bajeti ni ruhusa. Bunge linaiambia serikali mnaruhusiwa kutumia mpaka kiasi hiki kwenye fungu hili na kasma hii (kasma ni mstari mmoja wa matumizi ndani ya fungu), basi. Wewe umeshakaa kamati ya harusi? Mnakaa kikao cha kwanza mnapanga bajeti milioni 15, kadi za michango zinagawiwa, watu wanaandika ahadi. Siku hiyo mkononi mna shilingi ngapi? Laki tatu ya soda. Lakini mpishi anataka advansi Alhamisi, ukumbi unataka nusu, mpambaji anataka yake. Mwekahazina wa kamati anakaa na ule mkoba anaangalia leo kimeingia nini, na nani nikimkosa harusi inavunjika. Hazina ndio hivyohivyo ila mkoba wake ni wa nchi nzima.

Kodi zote, ushuru, tozo, vyote vinaingia kapu moja linaitwa Mfuko Mkuu wa Hazina, hilo limo kwenye Katiba ibara ya 135. Kuingiza ni rahisi, kutoa mpaka sheria iruhusu. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi unaisha Juni 30 lakini hela haiingii sawasawa kila mwezi. Wewe mfanyabiashara unajua, kodi ya makadirio unalipa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba, Desemba. Makampuni makubwa nayo hivyohivyo. Ndio maana ukisikia TRA wametangaza makusanyo makubwa ujue mara nyingi ni miezi hiyo. Katikati hapo, Julai Agosti, Oktoba Novemba, kapu linakuwa jepesi, lakini mishahara ya walimu na manesi haiwezi kusubiri Desemba.

Sasa Hazina wanaziba lile pengo vipi. Wanauza dhamana za muda mfupi, za siku 35, 91, 182 na 364. Benki inatoa tuseme shilingi 97 leo, siku zikifika inapewa 100, ile tatu ndio faida yake. Na kuna kuchota kidogo Benki Kuu, kama wewe unavyoweza kukopeshwa na benki yako ukaenda chini ya sifuri kwa muda, lakini huko kuna kikomo cha kisheria na kikomo hicho nakiunga mkono kwa moyo wote. Sisi wa umri wangu tunakumbuka miaka ya 80, bei zilikuwa zinapanda zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka, unapokea mshahara ukichelewa wiki kwenda dukani sabuni imeshakukimbia. Serikali ikizoea kuchota tu Benki Kuu, anayelipa ni mwananchi kwa njia ya bei.

Kitu kingine watu hawakijui. Zamani kila taasisi ilikuwa na akaunti zake kwenye mabenki ya biashara, nyingine akaunti tano sita, hela imelala humo. Wakati huohuo Hazina ina upungufu inaenda kukopa kwenye benki ileile kwa riba. Yaani hela ya serikali inawekwa benki, benki inaichukua inaikopesha serikali, serikali inalipa riba juu ya hela yake mwenyewe! Mwaka 2016 ndio taasisi zikaambiwa hamisheni hela Benki Kuu, na baadae wakaendelea na hii Akaunti Jumuifu ya Hazina ili ionekane pote kuna shilingi ngapi leo asubuhi. Wakati ule tulilalamika sana maofisini, mimi nikiwemo, kwa sababu ilitupunguzia uhuru, lakini kwa haki ya Mungu lilikuwa jambo sahihi.

Nitaendelea, macho yanachoka.

Mgebuka_Mwanga (Kigoma)

Shikamoo mzee, asante sana. Mfano wa harusi nimeuelewa vizuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa. Lakini umesema mwekahazina anaangalia nani akimkosa harusi inavunjika. Mimi ni nani kwenye hiyo harusi? Na nani anakaa juu yangu?

Mhasibu_Mstaafu_Kanyenye (Tabora)

Marahaba. Swali lako limefika penyewe kabisa kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka. Wa kwanza kabisa ni deni. Katiba ibara ya 141 inasema deni la Jamhuri linadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina, na deni maana yake ni pamoja na riba na gharama zake. Hela hiyo haisubiri mkuu wa idara aombe, inatoka tarehe yake ikifika. Wa pili mishahara. Wa tatu miradi, hasa ile ambayo mfadhili au mkopeshaji anasema weka mchango wako ndio na mimi niweke wangu. Wa mwisho ni matumizi mengineyo, sisi tunaita OC. Mafuta ya gari, karatasi, umeme wa ofisi. Chakula cha wanafunzi wa bweni kinapaswa kulindwa na mara nyingi kinatengwa peke yake, ila kapu likipungua nacho kinaguswa. Na mzabuni anayepeleka hicho chakula ndio wa mwisho katika hao wa mwisho, kwa sababu chakula kimeshaliwa. Ukigoma kesho hakuna kinachosimama leo. Nasikitika kukwambia hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Mama_Mawese_Ujiji

Jamani mimi nimesoma hapa nimekaa kimya kama dakika kumi. Nataka niseme kitu na naomba kaka Mgebuka usinichukie.

Mimi pia ni mfanyabiashara, mawese, niko Ujiji, pengine hata yale madumu yako 20 yalipita kwenye mikono yangu. Mwaka 2021 nilikuwa na milioni tano niliyoweka kwa ajili ya kujenga, mdogo wangu anafanya kazi Dar akaniambia dada usiiache ikae tu, nunua hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Nikamwambia hayo ni mambo ya matajiri. Akaniambia kuanzia milioni moja tu unaingia. Nikaenda benki na kitambulisho changu cha NIDA nikajaza fomu wakanifungulia ile akaunti ya CDS ya kuhifadhia hatifungani, wakanielekeza mnada unafanyika Jumatano Benki Kuu kwa niaba ya Hazina. Nikachukua ya miaka 20, riba asilimia 15.49 kwa mwaka. Kwa milioni tano ni 774,500, wanagawanya mara mbili, kila miezi sita napata 387,250.

Na ninachotaka kusema ni hiki. Tangu mwaka huo haijawahi kuchelewa. Hata siku moja. Naamka asubuhi tarehe ile, kabla sijapiga simu kwa mtu yeyote, meseji ya benki ishaingia. Niko zangu Ujiji nakamua mawese, simjui mtu Hazina, sijawahi kufika Dodoma, na wananilipa kama saa. Kumbe hela hiyohiyo, kapu hilohilo, kaka yangu wa Mwanga aliyelisha watoto, miezi tisa sasa hajapata. Kweli nimeumia. Mzee Kanyenye hii ni sawa?

Buhigwe_Ndio_Nyumbani

Ndo mjue sasa nchi inaendeshwa na madeni. Kila mwaka tunakopa tunalipa tunakopa, deni limeshapita trilioni mia moja halafu mtu anakuja kutuambia ni himilivu, eti linabebeka. Mimi nasema wasikope tena hata shilingi, tuishi kwa tunachopata, tulipe wazabuni wetu wa ndani kwanza basi. Wazungu watasubiri, watatufanya nini?

Mwl_Uchumi_Kasulu

Buhigwe ndugu yangu hasira yako naielewa na sehemu ya maneno yako nakubaliana nayo, ile ya kulipa wazabuni. Ila hiyo ya "watatufanya nini" ngoja nikujibu kwa kitu ambacho sisi watu wa ziwa tulikiona kwa macho. Zambia ni hapo tu, unapanda meli unashuka Mpulungu. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwenye hatifungani zake za nje. Dola milioni 42.5 kwa nchi ni hela ndogo sana. Lakini baada ya hapo milango ya mikopo ikafungwa, na mazungumzo ya kupanga upya madeni yakachukua miaka. Na kwacha ilishaanza kuporomoka mapema mwaka huohuo, wafanyabiashara wa dagaa waliokuwa na kwacha mkononi waulizeni waliipata vipi. Ghana nao Desemba 2022 wakasimamisha malipo ya madeni mengi ya nje, na pale wakaenda mbali zaidi, hata wananchi wao wenye hatifungani za ndani wakabadilishiwa masharti wakapewa riba ndogo na muda mrefu. Maana yake mama mawese wa kule alilala ana mkataba mmoja akaamka ana mwingine. Kwa hiyo Hazina kulipa deni tarehe yake sio kuwaogopa wazungu. Mkopeshaji wa kesho anaangalia ulivyomlipa wa jana, na ukichelewa mara moja riba ya mikopo yote inayofuata inapanda, na anayelipa hiyo riba ni sisi.

Sasa kuhusu ukubwa. Watu wanachanganya deni la taifa na deni la serikali. Kwenye hesabu za deni la taifa huwa wanaweka na yale makampuni binafsi yaliyokopa nje, ambayo Hazina hailipi. Deni la serikali lenyewe ndio limepita trilioni 100, karibu theluthi mbili la nje na linalobaki la ndani, na la ndani wakopeshaji wakubwa ni mabenki na mifuko ya pensheni, yaani michango yetu sisi wafanyakazi. Tukisema wasilipe tunasema pensheni ya mwalimu mwenzangu isilipwe.

Kuhusu hilo neno himilivu, kila mwaka Hazina wanafanya tathmini na huwa haiangalii ukubwa wa deni peke yake. Wanachukua thamani ya sasa ya deni lote, yaani malipo yote ya mbele yakigeuzwa kuwa hela ya leo, wanalinganisha na pato la taifa, ukomo kwa nchi ya kundi letu ni asilimia 55. La nje peke yake ukomo asilimia 40 ya pato, na asilimia 180 ya mauzo yetu nje. Halafu kuna kipimo ambacho mimi ndio nakiangalia kuliko vyote, malipo ya deni la nje yasizidi asilimia 18 ya mapato ya ndani. IMF wanatuweka kundi la hatari ya wastani. Sio hatari ndogo, ni ya wastani, hilo watu wa serikali wakisimama majukwaani huwa wanaliruka na mimi huwa linanikera, semeni lote wananchi wataelewa.

Kwanini nang'ang'ania hicho cha mapato? Kwa sababu deni la nje sehemu kubwa ni dola. Mwanzo wa 2023 dola ilikuwa kama 2,300, mwishoni mwa 2024 ikagonga kama 2,700 kabla haijashuka tena. Hebu piga hesabu, deni la dola milioni moja, bila kukopa hata senti ya nyongeza, limetoka bilioni 2.3 limekwenda bilioni 2.7. Milioni 400 imeongezeka ukiwa umelala. Hiyo milioni 400 ingelipa akina Mgebuka 35. Ndio maana mikopo inatofautiana sana. Ya Benki ya Dunia ile ya masharti nafuu unapewa miaka 30 mpaka 40, miaka mitano mpaka kumi ya mwanzo hulipi mtaji, na ada asilimia 0.75 tu. Ya kibiashara muda mfupi na riba juu. Jirani zetu Kenya walichukua dola bilioni 2 mwaka 2014, ilipokaribia kuiva Juni 2024 ikabidi mwezi wa pili wakope bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili wapunguze ule mzigo. Sio kwamba walikosa akili, mzigo wote ulikuwa unaiva siku moja. Kazi kubwa ya watu wa deni pale Hazina ni hiyo, kupanga tarehe zisigongane, ndio maana wanauza za miaka miwili, mitano, kumi mpaka 25.

Buhigwe_Ndio_Nyumbani

Sawa mwalimu nimekusikia hiyo ya Zambia sikuijua kwa undani. Lakini huku kwetu hiyo mikopo tunaionea wapi?

Mwl_Uchumi_Kasulu

Wewe wa Buhigwe unauliza? Ile barabara ya Kabingo Kasulu Manyovu, kilometa 260, ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Daraja la Malagarasi pale Uvinza, ni mkopo wa Wakorea. Mimi nimesoma shule ya bweni enzi za kivuko na tope, tulikuwa tunafunga shule mwezi wa kumi na mbili tunafika nyumbani baada ya sikukuu. Leo mtoto anatoka Tabora asubuhi jioni yuko Kigoma. Na reli ya kisasa kipande cha Tabora Kigoma, kilometa 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022, nayo huwezi kuijenga kwa makusanyo ya mwezi. Kukopa kwa kitu kitakachokaa miaka 50 halafu ukalipa kwa miaka 30, hata mkulima anafanya. Ninachokataa ni kukopa ghali kwa ajili ya kitu ambacho hakizalishi, na kukopa dola kwa kitu kinachoingiza shilingi. Reli hiyo kama haitabeba mzigo wa Kongo na Burundi ipasavyo, itabidi tuilipe kwa kodi ya maharage ya Mgebuka. Hapo ndipo nataka tuwe tunauliza maswali makali, mzigo umefika tani ngapi, tusibaki na "deni kubwa, deni dogo" tu.

Mhasibu_Mstaafu_Kanyenye (Tabora)

Nimerudi. Mwalimu ameeleza vizuri sana, na mimi sina la kuongeza kwenye deni la nje. Nataka nimjibu mama wa Ujiji kwa sababu swali lake nimelala nalo.

Mama, hapana, sio sawa. Kukulipa wewe siku yake ni sawa kabisa na iendelee hivyo. Lakini la Mgebuka nalo ni deni. Wewe ulitoa milioni tano ukapewa riba na tarehe. Yeye ametoa milioni kumi na moja na laki nne za maharage na mawese, hana riba, hana tarehe. Ameikopesha serikali bila mtu kumuuliza kama anataka kukopesha, na kwa masharti nafuu kuliko ya Benki ya Dunia, maana wale angalau wanachukua ile 0.75. Na yeye mwenyewe hiyo hela ameikopa kwenye kikoba kwa asilimia tano kwa mwezi. Mke wake ndiye analipa riba ya serikali, ukiangalia vizuri. Laki mbili kila mwezi kwa miezi tisa ni milioni moja na laki nane.

Hili nimelisema vikaoni nikiwa kazini na nalisema tena hapa. Ule upungufu wa kapu hauishi kwa kutokulipa. Unahama tu, unatoka kwenye vitabu vya Hazina unaenda kwenye daftari la duka la Mwanga, ambako hauonekani kwenye tathmini yoyote. Halafu unarudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mzabuni akishaumwa mara moja mwaka unaofuata maharage ya 2,500 anakuuzia 3,200, anaweka humohumo ile riba ya kusubiri. Wakandarasi wakubwa wao mikataba yao ina kipengele cha riba ya kuchelewa, ripoti za CAG, yule Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinarudia kila mwaka mamilioni na mabilioni yanayolipwa kwa ajili hiyo tu. Mdogo hana kipengele, anapandisha bei au anafilisika.

Na inawezekana kurekebisha, tumeshaona. Ile mifuko ya pensheni ilikuwa inaidai serikali michango ya watumishi ya kabla ya 1999, deni likakaa miaka linapigwa danadana, mwisho serikali ikatoa hatifungani maalum ya trilioni 2.17 kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, deni likawa na karatasi, na riba, na tarehe. Sisemi Mgebuka apewe hatifungani. Nasema deni likishaandikwa linaanza kulipika.

Sasa kijana wangu tuje kwako, hapa soma kwa makini. Ile hela ya chakula ya mwezi wa pili ilikuwa ya bajeti ya mwaka uliopita. Juni 30 usiku vitabu vinafungwa, ruhusa ya mwaka ule inakufa. Ndio maana walikwambia ngoja bajeti mpya, lakini hawakukwambia kwamba kwenye bajeti mpya wewe unaingia kama mdai wa zamani na unaingia TU kama shule na halmashauri walikuandika kwenye orodha ya madeni walipofunga hesabu. Kama hawakukuandika, hata Hazina wakishusha leo hiyo hela ni ya chakula cha mwaka huu, wakikulipa wewe watoto wa sasa wanakosa, kwa hiyo hawatakulipa.

Nenda kaulize swali moja tu, "deni langu limo kwenye orodha iliyopelekwa Juni?" Usiulize hela imekuja lini. Halafu andika barua kwa Afisa Masuhuli, yaani mkurugenzi wa halmashauri, sio mkuu wa shule, nakala kwa mkaguzi wa ndani, omba wakuthibitishie deni kwa maandishi. Ambatanisha LPO (ile hati ya oda waliyokupa), hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa, ankara na risiti ya EFD. Madeni ya wazabuni huwa yanahakikiwa kabla ya kulipwa, wanakuja watu na orodha wanataka kuona karatasi, asiye na karatasi anakatwa hapohapo. Nimewaona watu wazima wanalia kwenye korido.

Na kitu cha muhimu kuliko vyote, iangalie LPO yako. Imetoka kwenye mfumo, imechapwa ina namba ya mfumo, au imeandikwa kwa kalamu kwenye kile kitabu cha zamani? Maelekezo ya serikali yako wazi, LPO nje ya mfumo haitambuliki, maana yake hakuna kasma iliyofungwa kwa ajili yako. Mfumo huwa unakataa kutoa LPO kama kasma haina salio, ndio kinga yenyewe hiyo. Mtu akikuandikia kwa mkono mara nyingi ni kwa sababu mfumo ulishakataa.

Mama_Mawese_Ujiji

Asante mzee. Kaka Mgebuka ukitaka mtu wa kukusindikiza kwa mkurugenzi mimi nipo, nina binamu yangu anajua kuandika barua za kiofisi. Na kikoba cha shemeji ni kikundi gani, kama ni kile cha hapa mjini ninachokijua nitaongea na mwenyekiti wasimamishe riba japo miezi miwili.

Mgebuka_Mwanga (Kigoma)

Wakuu samahani nimechelewa kurudi, jana nilifungua lile faili langu nikaweka karatasi zote mezani, mke wangu akashika taa maana umeme ulikuwa umekatika.

Mzee, LPO ziko mbili. Ya kwanza ya gunia 26 na mawese yote imechapwa, ina namba, imesainiwa. Ya pili ya gunia 14 imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Nakumbuka kabisa siku ile, niliambiwa "hii tutaiingiza kwenye mfumo kesho, watoto hawana mboga jioni hii." Sikuona shida, nikashusha. Gunia 14 ni milioni tatu na nusu.

Leo asubuhi nimeenda, nimeuliza lile swali ulilonipa, la orodha ya Juni. Mhasibu akaangalia kwenye kompyuta akaniambia ipo, 7,900,000. Ile nyingine haipo popote. Hakunificha, alinigeuzia kioo nikaona jina la duka langu kwa macho yangu, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Kwa hiyo hiyo 7,900,000 naandikia barua ya kuthibitisha deni kama ulivyosema. Hii 3,500,000 ndio nauliza, mzee na wengine wenye uzoefu. Nina hati ya kupokelea mzigo ya gunia zote 40, imesainiwa na mpokeaji na ina mhuri wa shule. Je, hiyo inatosha kumpelekea mkaguzi wa ndani, au nimuombe na mpishi mkuu aandike kwamba aliyapokea? Mama wa Ujiji Jumatatu saa mbili nitakuwa pale ofisini kwa mkurugenzi, kama binamu yako ana nafasi namuomba sana. Kikoba ni cha pale Katonga.

Mhasibu_Mstaafu_Kanyenye (Tabora)

Mpishi aandike, na stoo pia, ile leja ya stoo ina ukurasa wa siku hiyo, omba wakupe nakala iliyogongwa mhuri. Leja ya stoo ndio ushahidi ambao mkaguzi hawezi kuupita, kwa sababu iliandikwa siku ileile na mtu ambaye hakujua kama kutakuwa na ugomvi. Barua mbili tofauti, usizichanganye, ya 7,900,000 isije ikakwama kwa sababu ya ile nyingine. Jumatatu ukishatoka andika hapa.